Kizimba cha Mheshimiwa: mwaka mmoja na kazi ya fundi wangu wa Lindi

Najua mtu wa Lindi ataniuliza swali lake kabla hajafika mstari wa pili: kobe na ndani ya nyumba, wapi na wapi? Mji huu joto lipo, jua lipo, majani yameota mpaka kwenye mitaro. Fundi mwenyewe aliniuliza hivyohivyo, penseli ikiwa imechomekwa sikioni: "Mwalimu, mnyama kaja duniani na nyumba yake mgongoni. Wewe unamwongezea ghorofa?"

Mheshimiwa nilimrithi kwa marehemu kaka yangu wa Nachingwea, pamoja na redio na deni dogo la dukani. Ni kobe wa nyika, yule mwenye gamba la rangi ya asali lililotapakaa madoa meusi kama chui. Gamba lina urefu wa nchi 11, na uzito wake ni kilo nne na ushee. Jina alipewa na kaka kutokana na ule msemo wetu, usimwone kobe kainama, anatunga sheria. Basi ikawa Mheshimiwa, na wageni wakiuliza yuko wapi tunawajibu yupo kwenye kikao. Kabla sijambeba kumleta mjini nilipita kwa afisa wanyamapori tukamalizana kwa maandishi, kwa sababu kobe ni mnyamapori kama tembo alivyo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuokota mmoja kando ya barabara ya Masasi akamtia kwenye buti. Kama umesoma mpaka hapa ukaanza kutamani wa kwako, tafadhali aliyeko porini mwache porini.

Sasa, kwa nini ndani. Ua wangu upo bondeni, na masika ya 2024 maji yalituama humo siku tatu mfululizo. Asubuhi moja nikamkuta Mheshimiwa kwenye tope, kamasi zinamtoka puani kwa mapovu, macho yamevimba, hata ukoka hautazami. Daktari wa mifugo alinieleza jambo ambalo sikulijua katika miaka yangu yote ya kufundisha sayansi: kobe hawezi kukohoa kama sisi. Uchafu ukijaa mapafuni hautoki kirahisi, na kobe wa aina hii ubaridi na unyevu vikimkuta kwa pamoja ndipo anapougua. Akamchoma sindano, akamgeuza kidogo kutazama tumbo: limenyooka, halina bonde, mkia mfupi. "Mheshimiwa wako ni mama," akasema. Jina halikuhitaji kubadilishwa. Agizo likawa moja: mvua zikianza, na usiku kukiwa na baridi ya kusi, alale pakavu. Nyuma ya nyumba nina veranda iliyozibwa, sakafu ya saruji. Kilichobaki ni kizimba, na wa kukijenga.

Jina la fundi silitaji, kwa kuwa humu nitamsifu na nitamsema. Karakana yake ni turubai chini ya mwembe, na kazi zake ni vitanda, milango na, watu wakifikwa na msiba, majeneza. Kobe hajawahi kumjengea. Mchoro wake wa kwanza, alioupiga kwa penseli juu ya ubao, ulikuwa kabati la vioo lenye miguu minne, mfano wa yale ya kuwekea maandazi. Nikaukataa kwa sababu mbili. Kioo kwanza: kobe haelewi kioo. Anachoona ni njia, basi atasukuma pua pale kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukitegemea jua lipite kwenye kioo limfikie, joto litapita, lakini ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D, ambayo bila yake chokaa, yaani kalsiamu, haishiki kwenye mifupa wala gamba, kioo kinaizuia. Kwa miale hiyo, kobe aliyekaa nyuma ya dirisha ni sawa na kobe aliyekaa gizani.

La pili ni miguu. Hapa nikamvuta fundi kwenye hesabu, maana miaka thelathini na moja ya ubao na chaki haimtoki mtu hivihivi. Kizimba cha futi 8 kwa futi 4 ni kama sentimita 240 kwa 120. Jaza udongo wa kina cha sentimita 10 tu: hiyo ni lita 288, yaani ndoo kubwa kumi na nne na kitu. Ndoo ya lita 20 ya udongo mbichi anaijua kila aliyewahi kuibeba. Zidisha. Ukiweka hayo juu ya miguu ya kitanda, usiku mmoja mtaamka nyote. Fundi akatikisa kichwa, akafuta miguu kwa kidole. Tukakubaliana kizimba kilale chini, juu ya papi, zile mbao nyembamba za nchi mbili kwa mbili, ili hewa ipite na mchwa akianza safari yake aonekane.

Hesabu yangu nyingine, ambayo niliitangaza kwa majivuno, ilikuwa ya mbao. Nunua marini bodi mbili za milimita 18, zile mbao za matabaka zisizoogopa maji, kila moja futi 8 kwa 4. Moja nzima inakuwa sakafu. Nyingine, ambayo upana wake ni futi 4, yaani nchi 48, ipasue vipande vitatu vya nchi 16. Kila kipande kina urefu wa futi 8. Vitatu ni futi 24. Na mzunguko wa kizimba, nane na nane, nne na nne, ni futi 24. Ukiacha unga wa msumeno, hakuna cha kutupa. Nilimwona fundi akinitazama kwa heshima mpya, nami nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Siku ya pili alipokuja kupima veranda alimkuta Mheshimiwa kwenye kizuizi cha muda, masanduku ya soda niliyoyapanga pembeni ya ukuta. Mimi nilidhani atapima aondoke. Akachuchumaa. Akakaa vile karibu nusu saa, hajasema kitu, futi yake ya chuma mkononi. Mheshimiwa alikuwa akizunguka kandokando, na kila alipofika kwenye kona alisimama, akaweka miguu ya mbele upande mmoja na gamba upande mwingine, akajisukuma juu kama mtu anayepanda mnazi.

"Mwalimu," fundi akasema, "ukuta wako ni nchi ngapi?"

Kumi na sita.

"Na udongo nchi ngapi?"

Nne.

"Basi ukuta ni kumi na mbili. Na huyu bibi ni kumi na moja, akisimama anaongeza na shingo. Atafika. Halafu atadondokea mgongo, na mimi nitaitwa kutengeneza la futi moja." Alikuwa na maana ya jeneza.

Sikuwa na la kujibu. Katika hesabu zangu zote nilisahau kutoa udongo. Na kobe aliyepinduka akalala chali, hasa palipo na joto, anaweza kufa. Mapafu yake yapo juu, chini ya gamba, na akigeuka uzito wa matumbo unayakandamiza. Fundi akapendekeza mdomo: ubao wa nchi moja kwa nne uliolazwa kwa ndani kuzunguka ukingo wote wa juu, na kwenye kona nne vipande vipana vya pembetatu. Kobe akipanda, kichwa kinagonga mdomo, anarudi chini kwa miguu yake. Hakuna aliyemfundisha. Alimtazama mteja wake, basi. Mwaka mzima umepita na Mheshimiwa hajapinduka hata mara moja, ingawa jitihada hajaziacha. Kwa ule mdomo peke yake ningempa fundi huyu kazi tena.

Pale karakanani, nilipopeleka advansi, vijana wa bodaboda walikuwa wameshapata habari na wanacheka. Fundi akawajibu bila kuinua macho kutoka kwenye randa: "Mjusi wa Tendaguru, yule mkubwa wa kale, wazungu walikuja wakamchimba hapahapa Lindi, wakampeleka Berlin, wakamsimamisha kwenye jumba la ghorofa. Na yule alikuwa kashakufa. Huyu yuko hai, akae kwenye matope?" Nikampenda zaidi. Nikamsifia mbele ya watu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kesho yake hakuonekana, wala keshokutwa. Aliniambia siku nne. Kazi ilichukua siku ishirini na tatu. Kulikuwa na mlango wa mtu, kukawa na harusi ya mpwa wake Mingoyo, kukawa na simu ambayo "ilikuwa kwenye chaji". Siku kama sita hivi namsamehe, kwa sababu mwanzoni mwa Mei ndipo kilipopita kile kimbunga Hidaya, na hakuna aliyekuwa akirandia mbao chini ya turubai siku zile. Barabara ya kwenda Dar ilikatika kule Somanga, na taa yangu, nitakayoieleza, ikakwama njiani na magari mengine yote. Siku kumi na tatu zilizobaki ni zake mwenyewe.

Na sasa lawama kubwa. Nilimpa fundi fedha za marini bodi mbili akanunue mwenyewe. Kosa langu. Zililetwa zikiwa safi, nyekundu kwa juu, hazina mhuri wa kiwanda, na risiti "imeloa". Mimi kwa macho sikuweza kujua. Miezi miwili baadaye kona moja ya sakafu ikaanza kuvimba, kisha ikachambuka matabaka kama chapati ya kusukuma. Jirani yangu, mzee anayeunda mashua, akaja akaangalia akacheka kwa huruma. Akanifundisha kipimo ambacho nakitoa hapa bure: kabla hujanunua, omba kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria kwa saa nzima. Marini bodi ya kweli imegandishwa kwa gundi isiyoogopa maji ya moto. Itatoka kama ilivyoingia. Ya uongo itaachana vipande mbele ya macho yako. Kama ni fundi aliyebana chenji au ni duka lililomdanganya, sijui hadi leo, na yeye kaapa. Lakini jambo moja halina ubishi kuwa lake: ile nailoni nzito tuliyotandika chini ya udongo ili sakafu isilowe, aliipigilia misumari katikati. Kila msumari ni tundu, na kila tundu ni bomba. Nailoni hupandishwa kuta zote nne na kubanwa juu kabisa, mahali ambapo udongo haufiki. Nilikuwa nimekwenda msikitini dakika arobaini, ndizo alizozitumia.

Vanishi nayo. Nilisema wazi: rangi ya maji. Nikakuta kapaka vanishi iliyochanganywa na tina, "ing'ae, Mwalimu, kazi ionekane". Iling'aa kweli. Ikanuka majuma mawili, na muda wote huo Mheshimiwa alilala bafuni, na sisi tukawa tunaoga kwa kumwomba radhi. Mke wangu hajasahau.

Alipomaliza alituletea zawadi: gunia la maranda ya mbao, "la kumtandikia bibi". Nilipokea kwa shukrani nikayapeleka kwa jirani mwenye kuku, na kuku nao wakapewa yale meupe tu ya mpaini. Vumbi la mninga na mkongo linawasha hata pua ya fundi mwenyewe, sembuse mnyama anayetembea kidevu kikiwa chini. Ndani tuliweka udongo wa kichanga uliochekechwa, tukachanganya na makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kupigwapigwa; sehemu mbili kwa moja. Mchanga mtupu wa pwani usitumie. Utaingia na chakula, utajazana tumboni.

Maisha ya humo ndani ni rahisi kuliko kizimba chenyewe. Ndoo ya rangi ya lita 20, iliyokatwa katikati kwa urefu na kufunikwa, ni chumba cha kulala. Maji yapo kwenye sahani ya udongo ya kuwekea chungu cha maua, isiyopita kina cha kidole. Chokaa anaipata kwa mfupa wa dome, yule ndugu wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaotupwa na bahari. Mjukuu wangu huuokota ufukweni, tunauloweka siku mbili utoke chumvi, tunaukausha, na Mheshimiwa anautafuna kama biskuti. Chakula ni ukoka, mchunga, matembele kidogo, maua ya hibiskasi na kipande cha mpungate kilichochunwa miiba. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu hata kwetu sisi kisipopikwa. Nyanya na maembe ni za sikukuu.

Taa ndiyo iliyonitoa jasho. Kwenye duka moja la vifaa vya umeme mjini niliomba taa ya miale ya jua kwa ajili ya kobe. Nikapewa, kwa sura isiyo na mashaka, ile taa ya buluu ya kunasia nzi. Siyo hiyo. Kuna na zile za kuulia vijidudu hospitalini; hizo ndizo mbaya zaidi, zinaunguza macho. Ya kobe ni mrija maalumu, niliagiza Dar, nao ukishapita miezi kama sita hadi mwaka unakuwa umechoka ingawa mwanga bado unauona. Kwa ukweli, kwa sisi tulio na jua hili, mrija ni wa siku za mvua tu. Siku nyingine zote Mheshimiwa namtoa uani saa mbili asubuhi, saa nne namrudisha kivulini, na bili ya umeme inabaki ilivyo. Kwa joto nimening'iniza balbu ya kizamani ya wati 60 upande mmoja wa kizimba, sentimita 35 kutoka juu ya gamba. Kipimajoto kinasoma 33 chini yake, na upande wa pili 27, achague mwenyewe. Holda iwe ya kauri. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ikalegea kama mshumaa, na fundi ndiye aliyeifunga. Umeme ukikatika usiku wa Julai namfunika kwa gunia kavu, tunasubiri.

Juu kuna fremu mbili za waya wa kuku zenye bawaba, kwa ajili ya paka na panya. Hizi fundi alizifanya vizuri mno. Zinafunguka kwa mkono mmoja, hazilii, hazijapinda. Mlango wa chumba changu cha kulala, uliofungwa na fundi mwingine kwa fedha nyingi zaidi, unalia kama punda.

Mwezi wa tano tangu ahamie, Mheshimiwa alianza kukwaruza kona kwa miguu ya nyuma. Nchi nne za udongo, kisha kucha kwenye nailoni, kraa kraa kraa, usiku kucha. Daktari akasema anatafuta pa kutaga. Kobe jike hutaga hata asipoona dume, na akikosa pa kuchimba mayai yanaweza kukwama tumboni. Nikampigia fundi. Na hapa sharti niseme haki yake: alikuja jioni ileile. Akakata ubavu mmoja wa kizimba, akaunganisha sanduku la futi mbili kwa mbili lililokaa moja kwa moja juu ya saruji, lenye kuta ndefu zaidi na udongo wa kina cha nchi 12, na ngazi ya mteremko yenye vijiti vya kukanyagia. Mteremko aliujaribu kwa kumweka Mheshimiwa juu yake mara tatu, kila mara akiulegeza kidogo. Safari hii nailoni aliibana juu, bila kukumbushwa. Siku ya nne tukakuta mayai manane meupe, mviringo kama mipira ya tenisi ya meza. Hayakuanguliwa, wala hatukutarajia. Mke wangu aliuliza kama yanafaa kwa chapati.

Fedha ni hizi. Bodi mbili 170,000, papi 30,000, waya 24,000, nailoni na misumari na bawaba na gundi 38,000, ufundi 80,000: jumla shilingi 342,000. Sanduku la mayai likaongeza 45,000, mbao na kazi kwa pamoja. Fundi wa kitanda cha futi sita angeomba zaidi ya hapo.

Ukiniuliza kama nampendekeza, nitasema ndiyo, kwa masharti. Mbao nunua mwenyewe, na kile kipande ukichemshe. Rangi mletee mkononi, kopo limefunguliwa. Siku anazokuambia zidisha mara tano. Siku ya nailoni usiende popote, hata adhana ikiita mwombe akusubiri. Lakini mwache amtazame mnyama wako kwanza, na wakati akitazama usimsemeshe. Kwa nyota tano, namwekea tatu na nusu. Nusu ni ya ule mteremko.

Kona iliyochambuka bado. Juzi nimempigia tena, nikamwambia bodi nimeshanunua, nimeichemsha, imeiva. Akacheka sana. Amesema atakuja Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.